Tunaacha Majina Nje

"Piga picha utakavyo," mjomba Kibwana alimwambia Luqmani, "ila jina la mtu lisitajwe. Si humu msituni, wala huko kwenye simu zenu. Sisi majina tunayaacha nje pamoja na viatu. Msitu ukilijua jina, huliita. Anayeitika huingia, harudi."

Luqmani, mwandishi wa televisheni ya mtandaoni huko Kihonda, alikubali. Ukoo ulimhitaji: mwekezaji alitaka kuukata msitu wao wa tambiko, juu milimani Mgeta, ajenge hoteli.

Shirika moja la habari la Ulaya likaitaka video aliyoipiga humo, kwa sharti: mzee anayeongea atajwe jina, la sivyo ni hekaya tu.

"Mpigie kwanza mjomba wako," alisema Janeth, mhariri wake.

"Uhuru wa habari hauombi ruhusa, dada." Akaandika chini ya uso wa mzee: Kibwana.

Video ikazunguka dunia. Mwekezaji akasimamishwa. Luqmani akapanda Mgeta kifua mbele.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mkubwa wa dunia." Mzee alikuwa kaketi mlangoni, pamba masikioni. "Ngoja ukungu ushuke, usikie kazi yako."

Adhuhuri ukungu ukaziba mashamba ya kabichi. Sauti ya mwanamke ikaita kutoka msituni, polepole, kwa lafudhi ya mbali: "Kibwana." Kisha ya mwanamume, lafudhi nyingine. Kisha watoto, wengi, kama darasa linalofundishwa kusoma: "Kibwana. Kibwana."

Luqmani aliifuta video palepale. Sauti zikazidi, kwani nakala zilikwishaenea kwenye simu za watu asiowajua.

"Nimechoka, mpwa wangu," mzee alisema. Akatoa pamba. Akavua viatu, akavipanga vizuri kando ya mlango.

"Mjomba, usiitike!"

Mzee akafungua kinywa. Luqmani akamrukia, akamziba kwa kiganja, akaugeukia msitu.

"Aliyetaja ni mimi! Mimi Luqmani! Mwacheni!"

Kimya. Hata matone kwenye kabichi yaliacha kudondoka. Mzee akalegea mikononi mwake, akapumua kwa nguvu puani.

Kisha msitu ukaita, sauti moja tu, isiyo na ugeni wowote, ya upole.

"Luqmani."

Ilikuwa sauti ya mjomba. Na mdomo wa mjomba bado ulikuwa chini ya kiganja chake, umefumba.