Simu ya Dereva Ninayo Mimi

Mume wa binti yangu anaendesha bowser la maji. Ni la bluu, lita elfu kumi, lenye mlango mmoja unaofunguka kwa ufunguo na mwingine unaofunguka kwa kubembelezwa. Nyumbani tunamwita Baba Mapacha, kwa sababu alipata watoto wawili kwa mkupuo na tangu siku hiyo hajalala usingizi wa kueleweka. Ni kijana mpole. Kasoro yake ilikuwa moja: simu haikumbanduka sikioni.

Simlaumu sana. Muuza maji anapigiwa simu kuliko daktari. Mabomba yakikauka siku mbili tu, mtaa mzima unataka kujua jambo moja: umefika wapi? Naye alikuwa na jibu moja kwa wote: "Nipo hapo karibu, nakata kona." Alilisema akiwa kisimani na mpira bado uko ndani ya tangi. Alilisema akiwa kwangu anakunywa chai. Siku moja nilimsikia akilisema bafuni, na mle hamna kona ya kukata.

Kisha ikaja sheria. Dereva asionekane na simu mkononi gari likitembea, wala ile ya kuchomeka masikioni, wala chombo chochote cha kielektroniki. Mimi niliposikia "chombo cha kielektroniki" nilificha redio yangu chini ya mto siku mbili, ndipo nikakumbuka kwamba siendeshi kitu. Kosa la kwanza faini, la pili faini nzito, la tatu leseni inakwenda mwaka mzima.

Baba Mapacha alishafika la pili. Mara zote mbili alikamatwa na askari yuleyule, mwembamba, anayejibanza nyuma ya bango la kuuza rangi pale njia panda. Madereva wanamwita Kivuli. Sasa lilibaki kosa moja tu, na bowser lisilo na dereva ni pipa lenye magurudumu. Nyumba ile inakula kwa bowser, na mapacha wanakula kama wanne.

"Ile mara ya pili alikupigia nani?" binti yangu alimuuliza mumewe mbele yangu.

Baba Mapacha alilitazama bakuli la sukari. "Mteja."

"Ni Mama Saluni. Yule akipiga simu hakati mpaka apokewe."

Alijichotea kijiko kingine cha sukari. Basi binti yangu akamsusia Mama Saluni na kwenda kusukwa na jirani. Akarudi na kichwa kama alisukwa ndani ya gari linalopita kwenye mashimo.

Mimi nilikaa kimya. Nyinyi nitawaambia, kwa kuwa hamfiki kwetu. Aliyepiga siku ile ni mimi. Nilitaka aniletee betri za redio. Na betri zenyewe kumbe ninazo: nilikuja kuzikuta ndani ya kikombe changu cha meno ya bandia.

Ndiyo maana asubuhi moja nilivaa viatu vya raba, nikafunga kilemba, nikaenda kusimama kando ya bowser.

"Mama, unakwenda wapi?" Baba Mapacha aliuliza.

"Kazini. Lete simu."

"Simu ya nani?"

"Yako. Wewe shika usukani, mimi nitashika simu. Sheria imekukataza wewe, haikunitaja mimi."

"Mama, huku kuna jua, kuna vumbi, na wateja wengine wana midomo."

"Mdomo ninao na mimi. Nipandishe."

Hapo pakawa na kazi. Ngazi ya bowser iko juu, magoti yangu ni ya zamani, na mkwe hamsukumi mama mkwe wake kwa nyuma. Alileta stuli, akaishika kwa mikono miwili, akageuza uso akatazama mbinguni kama anayesubiri mvua, jambo ambalo muuza maji halitamani hata kidogo. Nilipoketi, nilikuwa nahema kuliko injini.

Simu ya kwanza ililia tungali kisimani.

"Umefika wapi?" sauti ya mwanamke.

"Bado tuko kisimani, tangi halijafika nusu," nikamwambia. "Kwako tutafika saa saba."

"Kwani wewe nani?"

"Utingo wake."

"Utingo mwanamke?"

"Na magoti mabovu juu. Saa saba, mama. Ukiwa na pa kwenda, nenda urudi."

Nilipokata, Baba Mapacha alikuwa amejishika kichwa. "Mama, umenifukuzia mteja."

"Nimemwambia ukweli."

"Huwa hawaambiwi. Ukimwambia saa saba ataita bowser lingine."

"Lingine nalo liko wapi saa hizi? Linakata kona."

Alicheka bila kutaka, akapanda. Njiani zililia simu tisa. Mmoja saa nne, mwingine saa tano kasorobo, yule wa mwisho nikamwambia leo asahau, kesho asubuhi. Huyo alinitukana kidogo. Nikamshukuru na kumwandika kwenye karatasi pamoja na saa yake, maana darasa la nne nililoishia walinifundisha kuandika herufi kubwa na kusoma saa, na hayo mawili yametosha hadi leo.

Ajabu ikaanza kama saa sita. Simu ikanyamaza. Baba Mapacha aliitazama mapajani mwangu mara tatu.

"Imezima?"

"Haijazima. Tazama mbele."

Nilikuja kuelewa polepole, kama mtu anayetafuta miwani ilhali ameivaa. Watu walikuwa wanapiga kila dakika kumi kwa sababu waliambiwa dakika kumi. Ukimwambia mtu unakata kona, atasimama mlangoni na ndoo, atachoka, atapiga tena, nawe utamwambia tena unakata kona. Ukimwambia saa saba, anakwenda kufua nguo zake. Tulipofika kwa yule mwanamke wa kwanza, saa saba na dakika tano, mapipa yalikuwa yameshapangwa na yeye ameshaoga, sijui kwa maji ya wapi.

Mama Saluni tulimfikia siku ya pili. Alinikagua kuanzia kilemba hadi raba huku mpira ukimwaga maji kwenye tangi lake.

"Bibi, kumbe utingo ni wewe. Mbona binti yako amenihama?"

"Kichwa kinamsumbua," nikasema.

"Nilikiona sokoni. Hata mimi kilinisumbua."

Moyo ulinichoma, lakini nilitazama tangi lake kama ninayesoma gazeti.

Siku ya nne Kivuli akatoka nyuma ya bango lake na kuinua mkono. Mimi nilikuwa na simu sikioni, namweleza mtu kwamba saa tisa si saa nane. Kivuli hakwenda upande wa dereva. Alikuja kwangu, anatabasamu tayari.

"Nimeona simu."

"Una macho mazuri. Ni hii hapa."

"Inatumika kwenye gari linalotembea."

"Anayeliendesha ni nani, mwanangu?"

Akamtazama Baba Mapacha. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, mgongo wima, kama mtoto anayesubiri kupigwa picha.

"Na wewe ni nani kwenye gari hili?"

"Utingo."

"Utingo hukaa juu ya tangi."

"Basi nipandishe."

Aliyatazama magoti yangu. Akalitazama tangi. Akayatazama tena magoti.

"Nendeni," akasema.

"Bango lako limepauka, baba. Wanaouza rangi wangelipaka hata kidogo."

Hakucheka. Tulipoondoka nilimwona kwenye kioo cha pembeni, amesimama katikati ya barabara, anasoma namba za gari letu. Baba Mapacha naye alimwona. Akaendesha mwendo wa kobe mpaka kituo cha mafuta.

Wiki ya pili magoti yaligoma. Niliamka yamevimba kama maandazi, binti yangu akayafunga kitambaa chenye maji ya moto na kusema leo sitoki. Na siku hiyo ndiyo mabomba yalikuwa yamekauka siku ya tatu. Simu ililia kabla ya chai.

Baba Mapacha alisimama mlangoni mwa chumba changu. "Mama, leo nitabeba simu. Nitaizima nikiwa njiani."

"Ukiizima utaiwasha uone nani amepiga."

"Nitalisimamisha gari kila ikilia."

"Siku kama leo? Utafika kwa watu maji yameota ukungu. Iache hapa kitandani."

"Na nikiharibikiwa njiani?"

"Una mdomo, utaazima ya mtu. Chukua karatasi, saa zote nimeziandika."

Alibaki pale anaigeuzageuza simu mkononi. Ni mtu mzima, lakini namna alivyoiweka juu ya shuka ungedhani anamwacha mmoja wa mapacha shuleni siku ya kwanza. Akaondoka na karatasi tu.

Nilifanya kazi nikiwa nimelala, kazi nzuri kuliko zote. Saa tano, saa sita na nusu, kesho asubuhi, pole mama. Mtu wa mwisho kwenye karatasi alikuwa wa saa kumi, na saa kumi na nusu Baba Mapacha alipaswa awe nyumbani anaosha mikono.

Saa kumi na moja hayupo. Binti yangu akatoka nje kutazama barabara, akaingia, akatoka. Saa kumi na moja na nusu aliketi kizingitini. Mimi nikamfikiria Kivuli katikati ya barabara, anasoma namba. Nikaona leseni iko mfukoni mwake, nikaona bowser limeegeshwa uani, kuku wanalala chini yake. Wasiwasi ukinishika, mkono wangu hauniulizi. Nikachukua kisimu changu cha vibonyezo, nikampigia mkwe wangu nimuulize amefika wapi.

Pale kitandani simu ikalia.

Niliitazama. Kwenye kioo yaliandikwa maandishi makubwa, hata mimi niliyaona bila miwani: IKULU.

Sitawadanganya, nilikaa wima. Nikavuta kilemba mbele. Nikajiuliza Ikulu nayo imekaukiwa maji lini. Nikaacha kisimu changu kiendelee kupiga sikio la kushoto, nikaipokea Ikulu kwa sikio la kulia.

"Halo," nikasema kwa adabu, "dereva anaendesha."

"Halo," sikio la kushoto likaniambia, "dereva anaendesha."

Ilinichukua muda kidogo kumjua yule bibi.

Nilipomjua nikazikata zote mbili, nikalala chali. Kumbe ndivyo alivyoniandika. Na kama simu inaandika jina, basi siku ile ya betri nayo iliandika. Alijua tangu pale njia panda, Kivuli akiwa anaandika faini. Alijua alipokuwa analitazama bakuli la sukari. Alipokea kwa sababu Ikulu haiachwi ilie, kisha akalipa, akarudi nyumbani na kusema "mteja". Na leo, kama angekuwa nayo garini, ingelia IKULU katikati ya barabara, naye angepokea, na leseni ingekwenda kwa mkono wangu, kama ilivyokwenda faini ile.

Mlio wa bowser ukasikika uani. Binti yangu alitoka mbio, mimi nikajikongoja na kitambaa changu cha magoti.

"Kivuli," Baba Mapacha alisema, anaketi mezani. "Kanisimamisha saa nzima. Katafuta chini ya kiti, kwenye boksi la spana, hadi kwenye viatu. Haamini kwamba kuna dereva wa maji asiye na simu. Amekuta karatasi ya saa na ule mto anaokalia Mama."

"Akasemaje?" binti yangu akauliza.

"Akaisoma karatasi yote. Halafu akauliza kama kesho saa mbili bado iko wazi. Kwake nako hakuna maji."

Binti yangu aliketi chini kwa kicheko. Nikangoja amimine chai, nikamsogezea Baba Mapacha simu yake.

"Kuna watu wa Ikulu walikupigia," nikamwambia.

Kijiko kikasimama ndani ya kikombe. Hakuinua macho.

"Walisemaje, Mama?"

"Wanaomba radhi kwa ya siku ile. Na betri walizipata."

Alikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka. "Ukizungumza nao, waambie yamekwisha."

"Ikulu gani tena?" binti yangu akauliza.

"Mteja," tukajibu sote wawili.

Alitutazama mmoja mmoja, lakini mapacha walikuwa wanapigania kiatu, akaenda kuamua. Aliporudi, kichwa chake kile kikiwa mbele ya taa, sikuweza kuvumilia zaidi.

"Mwanangu, kesho nenda kasuke kwa Mama Saluni."

"Yule aliyetaka mume wangu anyang'anywe leseni?"

"Mwache," nikasema. "Mimi nimeshamsamehe."

Baba Mapacha alipaliwa na chai hadi nikampiga mgongoni, mara tatu, moja zaidi ya iliyohitajika. Simu ikalia mezani. Bowser lilikuwa limezimwa, funguo ziko kando ya sukari, sheria haikumkataza. Alinyoosha mkono, kisha akaurudisha kwenye kikombe chake na kuniachia.