Alama kwenye Kiti cha Mzee Fermín

Hapa Tijuana, mteja akimletea fundi viti vya gari, haondoki. Hukaa mlangoni akila taco zake, vile vichapati vya mahindi vyenye nyama, akiilinda ngozi isije ikabadilishwa. Mzee Fermín yeye alikaa karibu nami mpaka nikamsikia akitafuna.

Kabla sijaanza kazi, alininong'oneza nizibe tundu lililounguzwa na sigara kwenye kiti cha dereva. Mkewe anaamini aliacha kuvuta zamani.

Nikaziba. Mzee alipopitiwa na usingizi, nikakisugua kiti kwa sabuni na brashi laini, nikakipaka mafuta. Uchafu wa miaka ukatoka, ngozi ikarudi kuwa ya kahawia.

Sauti ya mkewe, Bi Eulalia, aliyekuja kumfuata, ndiyo iliyomwamsha.

"Ngozi hii si yangu!" mzee akaruka. "Yangu nyeusi! Umenibadilishia, mwizi wewe!"

Mafundi wote wa mtaa wakageuka. Hapa ukiitwa mwizi wa ngozi, kesho huna mteja.

"Nyeusi ilikuwa jasho lako, mzee wangu," nikamwambia.

"Mwongo! Nionyeshe ushahidi!"

"Ushahidi upo. Ile alama uliyoniomba asubuhi niizibe, kiraka chake kiko hapa chini. Nifunue?"

Mzee akamtupia mkewe jicho. Akakipapasa kiti kama anampapasa paka wa jirani.

"Aa, fundi, acha. Ni yangu kabisa. Usingizi tu huu."

Mafundi wakacheka, wakarudi kwenye kazi zao. Bi Eulalia hakucheka. Aliinama akakinusa kiti, kisha akamnusa mumewe.

"Fermín," akasema, "alama ya nini?"

Mimi nikakumbuka nina brashi za kuosha nyuma ya duka.