Matonge Mawili ya Waitara

Mume wangu alipoanza kukimbia barabarani kila asubuhi bila kufukuzwa na mtu wala ng'ombe, aliyesemwa ni mimi. Kwetu Tarime, miaka ile ya dhahabu, mwanaume mwenye duara, shimo lake mwenyewe machimboni, alitakiwa awe na tumbo. Tumbo la Nchagwa lilikuwa sifa yangu. Likitangulia mlangoni, watu walijua huyu ana mke anayepika. Sasa likawa linapungua, na jirani yangu Regina anakuja kuomba chumvi asiyoihitaji, anachungulia ndani, ananiuliza kwa sauti ya msibani kama baba Neema ameshapimwa. Nilimwambia akapimwe yeye. Mimi sina subira na watu wa namna hiyo, na radhi siombi.

Ukweli ni kwamba kupungua kulianza kwa amri ya zahanati. Nchagwa akipanda kilima kidogo tu anahema, akilala anakoroma mpaka mbuzi wanashtuka. Tabibu wetu, Nikolaus, mtu mpole wa maneno machache, alimpima presha akatikisa kichwa. Akaniita na mimi nikae nisikilize, kwa kuwa mimi ndiye mwenye sufuria. Alisema mafuta yaliyozunguka kiuno cha mume wangu yanamlemea moyo. Samli ipungue, nyama iwe mara moja moja tena isiyo na shahamu, bia aachane nayo, ugali uwe nusu ya ule aliouzoea na sahani ijaziwe mboga za majani. Kisha atembee kwa haraka kila siku mpaka jasho limtoke. Asijinyime akashinda na njaa, alisema, apungue polepole, mwili utakubali wenyewe.

Iliniuma. Mama yangu ananiletea samli kwenye kibuyu kutoka Ringwani, samli ya ng'ombe wa kwetu, halafu niambiwe inaua. Lakini nilitii. Nilichuma mgagani, nikachemsha dagaa, nikapunguza ugali. Na nisiwe mnafiki, ilisaidia. Ilifika wakati anapanda kilima huku anaongea, kukoroma kukaisha, na Nikolaus alipompima tena alifurahi kweli. Akamwambia inatosha, mwili umefika pazuri, kazi iliyobaki ni kukaa hapo hapo.

Nchagwa hakukaa hapo. Na ili mjue kwa nini, lazima niwaambie habari za Waitara.

Waitara alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja. Walichimba pamoja. Duara lao lilikuwa shimo la kwenda chini, kisha njia ya pembeni, na katikati ya njia ile palikuwa na mahali mwamba umebana, wenyewe wakipaita koo. Mawe yenye dhahabu yalikuwa ng'ambo ya koo, na aliyeweza kupita ni Waitara peke yake kwa wembamba wake. Anapita kwa tumbo, anagonga mwamba, anasukuma mawe nyuma, kaka yake anapokea. Mvua za mwaka uliotangulia, dari ikaporomoka ng'ambo ile. Walimsikia akigonga. Nchagwa alijisukuma kwenye koo mpaka akachubuka mabega yote mawili, tumbo likakataa. Wembamba wachache waliokuwepo waliogopa dari, na siwalaumu. Jioni kugonga kukakoma.

Tulilia msiba usio na maiti. Kwetu mtu huzikwa nyumbani, karibu na baba zake, hata akifia mbali vipi ataletwa. Waitara alibaki kule chini ya mwamba, na wachimbaji wengine wakalihama lile eneo wakisema bado wanasikia mtu anagonga.

Alipokuwa hai, kitu kimoja chake kilikuwa kinaniudhi, nacho ni ulaji. Naandaa ugali wa mtu wa kazi, na nyama, na mchuzi. Yeye anamega matonge mawili, ananawa, anasema, "Nimeshiba, shemeji," huku macho yamebaki kwenye sahani. Nilidhani anadharau mkono wangu. Nilimnunia, na yeye alikuwa anacheka tu.

Basi, Nchagwa alipopita kipimo cha Nikolaus, akawa anakimbia asubuhi na jioni, kwenda mpaka njia panda na kurudi. Nyama hataki hata kuinusa. Mashavu yakaingia ndani. Nyuma ya mlango wa chumba alitundika pete kubwa aliyoikunja kwa fito, na kila akitoka kukimbia anajipitisha ndani yake kuanzia kichwani. Ikikwama mabegani anaitoa, anairudisha msumarini. Mimi nilifikiri ni kipimo alichopewa zahanati. Siku hizi wana vipimo vya kila aina.

Halafu nikaanza kusikia pumzi mbili. Ninafagia uani asubuhi, namsikia anakuja, na pumzi zinazokuja ni za watu wawili, moja nzito na moja nyepesi iliyotangulia. Nikiinua macho, yuko peke yake. Na akifika kwenye lango la boma anasimama, anasogea pembeni kidogo, ndipo anaingia. Hivyo ndivyo tunavyompisha mtu. Nilikuwa naacha kufagia mpaka apite, na vumbi la pale langoni nilikuwa silikanyagi.

Siku moja mchana nikamwekea chakula. Akamega tonge, akamega la pili, akavuta bakuli la maji akanawa.

"Nimeshiba, shemeji," akasema.

 Miaka yote ya ndoa yetu ananiita mama Neema, jina la binti yetu. Nikamwuliza umeniitaje. Akanitazama kama mtu aliyeamshwa, akasema hajaniita, hajasema kitu.

Nilikwenda zahanati nikiwa nakaribia kukimbia na mimi. Nikolaus akasema hiyo sasa siyo dawa, mtu huyo anajimaliza, arudishiwe chakula leo leo. Nikamwuliza na ile pete ya fito aliyompa, aendelee nayo? Akashangaa. Pete gani, akasema, mimi sijampa pete.

Nilirudi nikaitoa msumarini nikaiweka mezani mbele ya Nchagwa.

"Hii ni nini?"

"Ni koo," akasema. "Nililipima kwa kamba."

Akanieleza yote bila kuniangalia. Alisema Waitara anakimbia naye. Kila asubuhi anamkuta barabarani, mbele yake kidogo, mgongo wake una vumbi jekundu la mwamba. Anamwuliza, leo nitapita? Naye anajibu, bado kidogo, kaka. Akipungua tena, anaambiwa tena bado kidogo. Siku pete itakaposhuka mpaka miguuni, ataingia akamtoe mdogo wake amlete nyumbani. Nikamwambia dari bado inadondoka kule, na huyo anayekuita hataki kutolewa, anataka mwenzake. Nikamwambia nakuogopa na ninakupenda, chagua moja nibaki nayo. Ndipo akasema lile lililokuwa limemkaa rohoni.

"Mimi ndiye niliyemkataza kula. Nilimwambia matonge mawili, basi. Ukishiba hutapita."

Kumbe yule kijana alikuwa na njaa. Miaka ile yote anacheka mezani kwangu, ana njaa, kwa amri ya kaka yake. Nilimchukia Nchagwa siku ile, sitaficha, nikalala chumba cha Neema. Lakini chuki haikunipa usingizi. Nilichokuwa nakiona ni mume wangu amelala kwa tumbo ndani ya mwamba.

Jumamosi iliyofuata nilitoka kisimani nikakuta kibuyu cha samli ni kitupu. Jamani, nilifurahi. Nikasema amekula, njaa imemshinda, Mungu yupo. Nikabandika nyama ya mbuzi, nikasonga ugali mkubwa wa muhogo na mtama, naimba peke yangu. Kila kitu kilipoiva nikaingia chumbani kumtafuta. Pete ilikuwa sakafuni. Nikaiokota, ikaniteleza mkononi. Fito zote zilikuwa zimelowa mafuta. Samli aliyokataa isiingie tumboni alikuwa ameipaka mabegani.

Sikupiga yowe. Nilikusanya nyama na ugali kwenye sufuria moja, nikaweka na bakuli lenye kifuniko la maji ya kunawa, nikajitwisha nikaelekea machimboni. Sijui niliwaza nini. Nilijua tu kwamba kuna mtu ana njaa na chakula ninacho.

Machimboni mwanamke hakaribii shimo, wanasema dhahabu inahama. Wanaume wakasimama wakinipigia kelele nirudi. Nikawaambia ihame, ihamie hata Kenya. Kwenye mdomo wa duara letu nilimkuta mzee Nyangwine, rafiki wa familia, ameshika kamba. Alisema Nchagwa ameshashuka, yuko peke yake, na ameacha kuitikia. Nikafunga sufuria na bakuli kwenye kamba ya pili, nikateremsha mpaka chini. Halafu nikapiga magoti nikaita. Sikumwita mume wangu.

"Waitara. Shemeji yako nimekuja. Chakula hiki hapa, kula."

 Kisha tukasikia mtu anajiburuta kule chini, na muda mrefu ukapita kabla kamba ya Nyangwine haijavutwa. Tukamtoa Nchagwa akiwa uchi mpaka kiunoni, ana mafuta na matope, mbavu zinahesabika. Alisema alikuwa ameshapitisha kichwa na bega moja. Mbele yake sauti inasema bado kidogo, kaka, bado kidogo. Nilipoita, ikanyamaza katikati ya neno, na kitu kikapita ubavuni mwake kwenda kwenye chakula, mahali ambapo hata panya asingepita.

Nikamwuliza kama amegusa sufuria. Akasema alilipita gizani, hakuligusa. Nyangwine akavuta kamba ya pili.

Nyama ilikuwa vile vile. Mchuzi vile vile. Kwenye ugali palikuwa pamemegwa mara mbili, alama za vidole zipo. Kifuniko cha bakuli kimewekwa pembeni, na maji yalikuwa mekundu kwa vumbi la mwamba. Niliyageuza kwenye jua nikatafuta hata tone moja la samli juu yake. Halikuwepo. Mikono ya mume wangu ilikuwa inatiririka samli.

Nchagwa alitazama yale matonge mawili yaliyokosekana, akaketi chini. Nilikuwa nimemwita Waitara kula, na alikuwa amenisikia. Ila ruhusa haikuwa yangu. Mtoto wa watu amekufa, na bado anatii.

"Mwambie," nikasema. "Mimi hanisikilizi."

Alijua vizuri anachoombwa. Kumwambia ale ni kumwambia kwamba hatapita tena lile koo, hatatoka, hatalala karibu na baba yao. Ahadi ile yote, mbio zile zote, ziishie hapo. Alilia kwa sauti, mwanaume mzima wa Kikurya, mbele ya wanaume wenzake, na hakuna aliyecheka. Kisha akateremsha sufuria mwenyewe, taratibu, akalala kifudifudi, akaingiza kichwa kwenye shimo.

"Kula, mura wangu, mdogo wangu," akasema. "Kula ushibe. Mimi sipiti tena. Na wewe usipite. Kula yote."

Tulikaa pale mpaka kivuli cha Nyangwine kikawa kirefu. Kamba ilipovutwa ilikuja nyepesi. Sufuria lilikuwa limekombwa, hata mifupa haikuwemo, na bakuli la maji halikuguswa. Hakunawa. Nikajua bado yuko kule anajilamba vidole, hana wa kumharakisha.

Shimo tulilifukia, tukaweka na mawe juu. Njiani kurudi Nchagwa alinishika mkono, kitu ambacho wanaume wa kwetu hawafanyi barabarani. Alisema ana njaa. Nyumbani nikampakulia ugali wa kiasi, mgagani, na dagaa, kama Nikolaus alivyotaka. Alikula mpaka akamaliza, na mimi nikiwa nimesimama nyuma yake, nasubiri atasema nini akinawa.

"Asante, mama Neema," akasema.