Aliyezima Magurudumu

Huko mjini Hsinchu, Ya-chin alilipwa mshahara kwa kazi moja: kuziba matundu katika kuta zinazolinda kompyuta za watu. Lakini kinyozi hajinyoi. Tundu baya kuliko yote aliyowahi kuyaona alilitoboa mwenyewe, nyumbani kwao Tainan, kwenye kibanda kilicho kando ya mabwawa ya samaki, tena akiwa na akili zake timamu.

Alilitoboa kwa ajili ya baba yake. Mzee Tseng alikuwa amelazwa hospitalini, mapafu yamekwisha, na hakuwa na la kuulizia ila mabwawa. Maji yana rangi gani? Mwatiko wanakula? Magurudumu yanazunguka? Kwa mfugaji wa mwatiko magurudumu ndiyo roho ya bwawa. Yanayapiga maji ili hewa iingie, na yakisimama usiku wa joto usio na upepo, samaki hawalioni jua la kesho. Ya-chin ndiye aliyeyaunganisha na kompyuta ya kibandani ili kaka yake, Wen-tung, ayawashe na kuyazima kwa simu akiwa nyumbani. Mtu aliyejaribu kuingia kutoka nje alikutana na ukuta wa mtandao na kurudi alikotoka, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

"Na mimi niliye huku kitandani?" Mzee aliuliza. "Mimi ni mtu baki?"

Njia salama ilikuwepo, yenye ufunguo na nywila ndefu. Mzee alihangaika nayo mchana kutwa, vidole vimevimba kwa sindano, akikosea na kuanza upya, mpaka akaiweka simu kifuani na kulia. Ya-chin hakuwahi kumwona baba yake akilia. Akafungua kompyuta yake palepale kando ya kitanda, akauandikia ukuta amri fupi: atakayebisha kutoka nje kwenye mlango wa namba hii, usimuulize jina, mpeleke moja kwa moja kwenye ukurasa wa magurudumu. Mzee akagusa kioo, na mbali kule bwawani gurudumu likasimama.

"Limezimika!" Alicheka mpaka akakohoa.

"Washa, Baba. Washa basi."

Kuanzia hapo Wen-tung hakupata amani. Kijana wa watu alikuwa ameacha kazi yake ya kiwandani akarudi kuyashika mabwawa, na sasa kila akiwasha, mgonjwa anazima.

"Ya-chin, mwambie mzee aache!" alipiga simu akifoka. "Majirani wananicheka. Wanasema nina jini la kuchezea swichi."

"Samaki hawalipi bili ya umeme," Mzee alijibu mwenyewe, maana alikuwa anasikia. "Upepo wote huo, gurudumu la mwisho unalizungushia nini? Umesomea wapi ubadhirifu?"

Ubahili wake kwa umeme ulijulikana kijiji kizima. Alipokata roho, simu ilikuwa bado mkononi.

Jeneza liliwekwa sebuleni kungoja siku ya mazishi, picha yake ikasimamishwa mbele na uvumba ukawashwa. Watu walikuja na kuondoka, wakisema pole. Kulipotulia kidogo, Ya-chin alichukua kompyuta yake akaenda kibandani. Juu ya kompyuta ya kibandani kulikuwa na pakiti ya kijani ya vitafunwa, ambayo Wen-tung, kwa imani ya mafundi wa kule, huiweka pale ili mashine iwe na adabu, na huibadilisha kabla haijapita muda wake. Ya-chin aliisogeza kwa heshima. Alikuwa hajaandika hata herufi moja Mama alipotokea mlangoni, majivu ya karatasi zinazochomewa wafu yamemganda mikononi.

"Unafanya nini?"

"Naiziba ile njia ya Baba. Si salama, Mama."

"Usiku wa saba atarudi kutuaga. Ukishaiziba, mabwawa yake atayaonaje?"

"Mama, hii ni kompyuta. Huko nje wapo watu kazi yao ni kutembea wakijaribu kila kitasa."

"Nani wa kuja kuiba mwatiko kwa simu?" Mama alimshika mkono. "Miguu ya baba yako ilikufa kabla yake. Hii ndiyo ilikuwa miguu yake. Ngoja usiku wa saba upite, mwanangu. Usimfungie baba yako."

Hapo ndipo alipopaswa kusema hapana. Alijua kila kitu kinachojulikana juu ya matundu ya namna hiyo; alikuwa akiwafundisha wengine, na wengine wakimwogopa kwa ukali wake. Akaifunga kompyuta. Mama akaiweka simu ya marehemu mbele ya picha, karibu na uvumba, waya wa chaji umechomekwa.

Usiku wa saba ukafika na joto lake, mawingu yamekaa juu ya mabwawa bila tone la mvua wala upepo. Mama alipika wali na tumbo la mwatiko lililokolezwa soya, akaweka na vijiti. Akapanga ndala za marehemu kizingitini, na ndani ya mlango akanyunyiza unga mwembamba ili nyayo zake zionekane. Kisha wote watatu wakaingia chumbani kwa Mama na kujifunika shuka, kwa sababu marehemu akigongana macho na watu wake hushindwa kwenda zake. Simu zao wote zilikuwa zimezimwa.

Walilala wakisikiliza magurudumu. Mtu aliyekulia pale hayasikii kabisa mpaka yanyamaze, na usiku ule yalianza kunyamaza. Likaacha la bwawa la mbali, likafuata la jirani yake. Kisha mengine, moja baada ya jingine, mpaka kukawa kimya ambacho Ya-chin hakuwahi kukisikia katika nyumba ile.

"Amekuja," Mama alinong'ona, na sauti yake ilikuwa ya msichana. "Anazima! Hata kufa hakukumtibu ubahili."

Wen-tung alijiinua. "Yote, Mama? Baba hakuwahi kuzima yote. Niende nikaangalie."

"Lala! Ukimwona hataondoka tena. Unataka baba yako azurure?"

"Ya-chin." Kaka yake alimgeukia gizani. "Wewe ndiye mtu wa kompyuta. Mashine haijaharibika?"

Mama alikuwa ameushika mkono wa bintiye chini ya shuka, akicheka kimyakimya, machozi yakimtiririka masikioni. Tangu msiba uanze hakuwa amecheka. Ya-chin alijua cha kujibu. Alikijua wazi. Lakini naye alikuwa binti wa marehemu, na alitaka sana, kwa usiku mmoja tu, iwe kweli.

"Ni Baba," alisema. "Atawasha akimaliza kuzunguka."

Wen-tung akajilaza.

Alfajiri Ya-chin alitoka chumbani wa kwanza. Unga ulikuwa kama ulivyonyunyizwa, hakuna hata alama ya mjusi. Wali umekauka, ndala zimekaa zilivyokaa. Alisimama akiutazama unga ule mweupe na kuwaza uso wa Mama, na kabla hajajizuia alichukua ndala moja ya baba yake, akaikandamiza ungani, kisha akairudisha kizingitini.

Ndipo akauruka unga, akatoka nje.

Mwatiko walikuwa wameelea matumbo juu, wamejaa kutoka ukingo hadi ukingo hata maji hayaonekani. Bwawa la pili lilikuwa hivyohivyo, na la tatu. Wachache kandokando walikuwa bado wanapanua vinywa. Alikimbia kibandani, akawasha magurudumu yote, nayo yakaanza kuwapiga samaki wafu na kuwageuza. Lori la mnunuzi lilikuwa lije mara tu baada ya mazishi.

Kompyuta ilikuwa imeandika yote. Mtu wa nchi ya mbali, ambaye huenda hata hakujua ni mashine ya nini, aliingia kwa mlango wa namba ileile na kubonyeza kila kitufe alichokiona, kama mtoto aliyeachwa peke yake kwenye lifti. Kengele inayolia hewa ikipungua majini nayo ilikuwa kitufe kwenye ukurasa uleule, naye aliizima. Kisha akaenda zake. Hakuiba wala hakudai chochote. Ya-chin aliifuta amri yake ukutani, kazi isiyozidi pumzi mbili, na akakaa sakafuni.

Aliposikia kelele alirudi nyumbani. Wen-tung alikuwa sebuleni, matope hadi magotini, ameelekeza kidole kwenye unyayo ulio ungani.

"Kwa hiyo ulikuja!" alimfokea yule wa kwenye picha. "Umekuja kunimaliza! Nimeacha kazi kwa ajili yako, nimekula matusi yako kila siku, na hili ndilo kwaheri?"

"Usimwambie hivyo baba yako," Mama alilia. "Alikuwa anazunguka tu. Labda amesahau kuwasha."

"Basi aseme mwenyewe." Akatoa sarafu mbili mfukoni, akazibana viganjani mbele ya jeneza kama afanyavyo mtu anayemuuliza mfu. "Baba, ni wewe uliyeyazima?"

Sarafu zikaanguka. Moja kichwa, moja mkia. Jibu la ndiyo.

Mama alijiziba mdomo. Wen-tung aliziokota taratibu, na sauti yake ikapoa, jambo lililotisha zaidi ya makelele. "Vyema. Siku ya mazishi mtafuteni mwingine wa kubeba chetezo chake. Mimi si mwanawe."

Mtoto wa kiume wa kwanza ndiye hubeba chetezo. Asipobeba, mzee anakwenda kaburini kama mtu asiye na uzao, na kijiji kizima kitalisema miaka na miaka. Ya-chin aliutazama unyayo alioupiga mwenyewe, ambao sasa ulikuwa umegeuka shahidi dhidi ya baba yake.

"Kaka, si yeye," alisema. "Ni mimi."

Aliwaambia kila kitu. Aliwaonyesha maandishi ya kompyuta. Mwisho akaichukua ile ndala na kuikandamiza tena kando ya alama ya kwanza, na alama mbili zikafanana kabisa.

"Ulijua?" Wen-tung aliuliza. "Pale kitandani nilipokuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

Alingoja kofi, na lingemfaa. Wen-tung alizitazama sarafu zilizokuwa mkononi mwake. "Na hizi zikasema ndiyo," alisema. "Ndivyo alivyo huyu mzee. Ulivunja vyombo, akasema ni yeye aliyevunja. Uliharibu, akasema ni yeye aliyeharibu. Hata maiti bado anakukingia kifua." Akapiga magoti, akagonga paji la uso sakafuni mbele ya picha. "Nisamehe, Baba. Chetezo nitakibeba." Kwa dada yake hakugeuka, wala siku ya mazishi hakumsemesha. Watu walikuja wakasema pole kwa msiba. Kuhusu samaki hakuna aliyemwambia Ya-chin neno, maana mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Lakini asubuhi ile, baada ya Wen-tung kutoka na wavu kwenda kuopoa mizoga, Mama alichukua ufagio. Aliufagia unga wote polepole, pamoja na zile alama mbili, akauzoa na kuumwaga nje. Akaiondoa simu kwenye waya. Kisha akasimama mbele ya bakuli la wali uliokauka, akiwa ameshika vijiti ambavyo hakuna aliyevigusa.

"Kwa hiyo hakuja," alisema.

Ya-chin aliinama akaokota ndala za baba yake.

"Nakuuliza, mwanangu. Baba yako hakuja kabisa?"