Hodi ya Nne

"Hodi ni tatu," mama alisema bila kuinua macho kwenye foronya aliyokuwa akiipiga pindo. "Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtu asipoitika, unageuka unarudi kwenu. Ukipiga ya nne unatafuta kuitwa mwizi."

Binti yake alikuwa ameinamia kompyuta iliyowekwa juu ya meza ya kupigia pasi, maana nyumba ile ya vyumba viwili haikuwa na meza nyingine isipokuwa ya kulia, na ya kulia mama alikwisha kuijaza vitambaa. Meza ya pasi ilikuwa na mguu mmoja mlegevu. Kila alipobonyeza kwa nguvu, kompyuta ilitikisika.

Mtaani walimwita Mapokezi. Jina hilo alilipata kwenye kliniki ya meno, alikokaa mapokezi miaka na miaka mpaka daktari mwenyewe alipozeeka, akafunga kliniki na kwenda kupumzika. Kazi iliondoka, jina likabaki. Alipopewa kiinua mgongo chake, watu walitegemea afungue saluni au alete mitumba. Yeye akanunua majina.

Si majina ya watu. Ni majina ya tovuti, zile anwani ambazo mtu anaziandika kwenye simu akitaka kufika dukani kwako bila kuvaa viatu. Ukiwahi kulisajili jina kabla ya mwenzako, ni lako, na anayelitaka aje mzungumze. Mapokezi alikuwa na majina kadhaa, na lililomtia moyo kuliko yote lilikuwa "matangi", likifuatwa na nukta com. Ukichungulia dirishani kwake, huoni paa lisilo na tangi la maji, jeusi au la bluu. Wote hawa wamenunua mahali, alijiambia, na watoto wao watanunua kwa simu. Basi akatafuta anwani za barua pepe za watu wa matangi, watengenezaji na wauzaji, akawaandikia mmoja mmoja kwa adabu. Wakaingia mitini wote.

Kaka yake mkubwa, muuza saruji, alikuwa na neno moja tu kuhusu biashara hiyo: "Unauza hewa." Alilisema kwenye simu, alilisema mezani, na siku moja, Mungu amsamehe, alilisema msibani. Mwishowe akakata shauri. Jumamosi angekuja na pikapu awahamishe wote wawili, mama na dada, wakakae chumba cha uani nyumbani kwake, na Mapokezi asimame kaunta kwenye saruji.

"Ukiuza hata jina moja kabla sijafika," alisema, "sitafungua mdomo tena."

Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililouma. Mtu akikuonea unaweza kugombana naye, lakini akikuhurumia unabaki na maneno yako kooni. Mapokezi hakutaka kuhama. Hapa alikuwa mwenye nyumba, hata kama nyumba yenyewe ni ya kupanga. Kule angekuwa dada wa mtu, anayepishwa bafuni kwa zamu.

"Kule kliniki, mama, hodi hazikuwa na idadi," alisema hatimaye. "Mtu wa jino anatoroka. Unampigia, anakwambia ana wageni. Unampigia tena, amesafiri. Amesafiri, na huku namsikia mkewe anamwita aje kula. Kama ningeishia ya tatu, nusu ya mji huu ingekuwa na mapengo."

"Na hawakukutukana?"

"Walinitukana vizuri tu. Halafu wakaja."

Alikuwa na taratibu zake. Kamwe hakumuuliza mteja "umefikia wapi", kwa sababu anayeulizwa hivyo anajiona anafukuzwa. Kila alipoandika tena alibeba kitu kipya mkononi. Barua ya kwanza ilikuwa ya kulitambulisha jina na bei yake. Ya pili ilieleza jinsi watu wanavyotafuta matangi kwenye simu, na maneno gani wanaandika. Ya tatu ilitaja pia, mwishoni kabisa, kwamba ana jina jingine linalofanana na hilo. Na kila barua ilifungwa na sentensi ileile: kama huhitaji, niambie hapana, nitakuacha kwa amani wala sitakuwa na kinyongo.

Alhamisi asubuhi aliandika ya nne. Kawaida alipeleka kwa kila mtu peke yake, kama mtu anayepeleka sahani nyumba kwa nyumba. Siku hiyo alikuwa amezibandika anwani zote kwenye mstari mmoja ili azikague tu, halafu azifute na kuanza kupeleka. Ndipo kaka akapiga simu.

"Kitanda cha mama kinafunguka?" aliuliza. "Au tukibebe kizima?"

Mapokezi aliibana simu kwa bega, akageuka kukitazama kitanda cha mama, akasema kinafunguka, na kidole chake, kilichokuwa hakisikilizi mazungumzo, kikabonyeza "tuma".

Aliposhusha simu na kuona alichokifanya, uso ulimshuka. Barua ilianza hivi: *Ndugu yangu, nakuandikia wewe kwa sababu kati ya watu wote wa matangi ninaowafahamu, wewe ndiye niliyekufikiria kwanza.* Na juu yake, wamepangwa kama viatu mlangoni, walikuwa watu wote wa matangi anaowafahamu, kila mmoja akimwona mwenzake.

"Mama," alisema. "Nimefanya jambo."

"Umeuza?"

"Nimejizika."

Alimweleza. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaiweka kwenye foronya, akacheka hadi machozi.

"Yaani umewakubali wachumba wote kwa barua moja."

Majibu hayakukawia. Miezi yote ile walikausha, leo kila mtu ana kidole. Mmoja aliandika: *Asante kwa kunifikiria kwanza, mimi na wenzangu hawa.* Mwingine alituma vikaragosi vya kucheka tu, mstari mzima. Kisha akaja Mkurugenzi. Huyu ndiye mwenye kiwanda cha yale matangi ya bluu, na tangazo lake la redioni alilisoma mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayehutubia uwanja. Alijibu kwa wote, na alijibu kwa kirefu mpaka Mapokezi ikabidi ashushe ukurasa mara kadhaa.

*Huyu mama ananisumbua kila mara,* aliandika. *Jina lenyewe halina thamani yoyote. Mimi binafsi silitaki hata kwa bure, na nawashauri wenzangu msipoteze fedha zenu. Mwacheni tu. Litamshinda, atalitupa.*

Mapokezi alifunga kompyuta. Aliona aibu ya waziwazi, ile inayochoma masikio. Hakulia. Alikwenda jikoni, akatoa vikombe kabatini na kuanza kuvifunga magazeti kimoja kimoja, kwa ajili ya pikapu. Mama alimtazama kwa jicho la pembe, akaacha kucheka.

Alikuwa kwenye kikombe cha tatu au cha nne aliposimama, gazeti mkononi.

Kule kliniki, kila wiki alikuwepo mtu wa aina moja. Anakaa kwenye benchi la kusubiria, shavu limevimba, na anawatangazia watu wote kwamba halimuumi. Ameletwa tu na mke wake. Halafu anawageukia majirani zake benchini na kuwashauri: nyinyi nanyi nendeni zenu, hawa madaktari wanakula fedha bure. Ambaye kweli haumwi hakai benchini kuhutubia. Ambaye haumwi yuko nyumbani kwake anatafuna muwa.

Akairudia kompyuta. Akaisoma barua ya Mkurugenzi upya, polepole, kama alivyokuwa akisoma nyuso. Mtu asiyelitaka jina angefuta barua na kuendelea na matangi yake. Huyu amepoteza asubuhi nzima kuwakataza wengine. Na anangoja litupwe. Nani anasimama kungoja kitu kitupwe, kama si anayetaka kukiokota?

"Mama, vikombe viache hivyohivyo," alisema. "Sifungi kingine."

Safari hii aliandika kwa kila mtu peke yake, na kabla ya kutuma alihakikisha mara mbili anwani ni moja. Aliwaomba radhi bila kujikunjakunja. Alikiri kwamba sentensi ile tamu waliipata wote, na kwamba ilikuwa kweli kwao wote kwa zamu. Akaongeza: *Jina bado lipo, bei ni ileile niliyokutajia. Atakayetangulia kuniandikia ndiye nitakayempa.*

Kwa Mkurugenzi aliandika tofauti. *Salamu, Mkurugenzi. Samahani kwa usumbufu. Nimekusoma na nimekuelewa: jina hulihitaji. Nimekutoa kwenye orodha yangu, sitakuandikia tena. Nakutakia kazi njema.*

Mama aliisoma begani kwake. "Umemfukuza mteja mkubwa kuliko wote."

"Daktari hakuwahi kubishana na watu wa hivyo. Alikuwa anawaambia, sawa baba, kama haliumi nenda nyumbani. Sikuona hata mmoja aliyefika getini."

Aliyeandika kwanza hakuwa Mkurugenzi. Alikuwa mwanamke mwenye yadi ya matangi kando ya barabara kuu, ambaye hakuwahi kujibu hata neno. *Dada,* aliandika, *barua zako zote nimezisoma. Ile ya pili nimeichapisha, iko ukutani hapa ofisini. Nilikuwa naogopa tu kuingia kwenye mambo ya tovuti. Lakini leo yule bwana mwenye nusu ya mapaa ya mji anatuonya sote tusipate hasara. Tangu lini akatuhurumia? Nalichukua, kwa bei yako.*

Mapokezi alimjibu hapohapo: *Ni lako.* Kisha akasimama katikati ya chumba, akaweka mikono kichwani, akazunguka mara moja pale alipo, mama akimfuata kwa macho. Furaha ilimjaa hadi akakosa pa kuiweka.

Simu ikaita. Namba hakuijua, lakini sauti aliijua, ila leo haikuwa na muziki nyuma yake.

"Umesema hutaniandikia tena," alisema Mkurugenzi.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Umesema hulitaki hata kwa bure."

"Mtu akisema jambo mbele ya washindani wake," alisema taratibu, "si lazima iwe ndivyo alivyo."

"Limeanza kukuuma lini, baba?"

"Nini?"

"Samahani. Kazi ya zamani."

Mkurugenzi hakupoteza muda. Alitaja bei yake, na bei yake iliizidi ile ya mwenye yadi kwa mbali, kiasi kwamba Mapokezi alikaa kitandani bila kukusudia.

"Nimeshampa mtu," alisema.

"Fedha umepokea?"

"Bado."

"Basi bado hujauza."

Alimtazama mama. Mama aliyasikia yote, maana sauti ile hata simu haikuweza kuizuia, lakini hakutingisha kichwa wala kupepesa jicho. Aliendelea na pindo lake kama hayupo. Mapokezi akafikiria ile barua yake ya pili iliyobandikwa ukutani, kwenye ofisi ya mtu asiyemjua.

"Nimeuza," alisema. "Nilishasema ni lake."

Mkurugenzi akashusha pumzi, na safari hii alisikika kama mtu wa kawaida aliyechelewa basi.

"Lakini nina jingine," Mapokezi aliendelea. "Tangi la maji. Limeandikwa kwa pamoja, nukta com."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuandikia. Barua ya tatu, mwishoni."

"Sikufika mwishoni."

"Najua."

Akamtajia bei. Haikuwa ile kubwa aliyoitaja yeye wala ya huruma. Ilikuwa bei ambayo Mapokezi alikuwa ameipanga tangu mwanzo, na baada ya kuitaja alinyamaza. Kunyamaza alikujua. Watu hawa wenyewe walimfundisha.

"Nitumie maelekezo ya kulipia," alisema Mkurugenzi.

"Kwa barua pepe?"

"Kwa barua pepe."

"Basi nikurudishe kwenye orodha?"

"Nirudishe," alisema, na akakata simu kabla hajasikia mtu akicheka.

Ijumaa yote Mapokezi alishinda kwenye kazi ya kuhamisha majina. La mwenye yadi lilikwenda kwa mwenye yadi, la Mkurugenzi likaenda kwa Mkurugenzi, na malipo ya wote wawili yakaingia kabla ya saa za kazi kwisha. Mama alitaka aonyeshwe jina likiondoka. Hakukuwa na cha kuonekana, mistari tu na alama ya vema ya kijani, lakini aliitazama mpaka iliporidhisha macho yake. Kisha akainuka, akavifungua vikombe vyote kutoka kwenye magazeti, na kuvirudisha kabatini.

Jumamosi pikapu iliunguruma nje ya mlango.

"Hodi," kaka aliita.

Mapokezi alifungua mdomo aitikie. Mama akamwinulia kidole: subiri.

"Hodi." Kimya. "Hodi jamani." Kimya tena. Wakasikia viatu vyake vikigeuka kwenye kokoto.

"Wewe, unakwenda wapi?" mama alimwita. "Piga tena. Nyumba hii siku hizi inaitikia ya nne."

"Hodi," alisema kaka, kwa sauti ya mtu anayeshuku kichwa cha mama yake.

"Karibu, baba."

Aliingia na kamba begani. Aliona kitanda kizima, vikombe kabatini, dada yake amevaa vizuri na mkoba mkononi. Wakamweleza wote wawili kwa pamoja, wakikatizana, na mama ndiye aliyemalizia: "Hewa imenunuliwa, mara mbili." Kaka alitafuta mahali pa kuweka kamba. Hakusema neno, kama alivyoahidi, lakini alimshika dada yake mkono na kuukamata muda mrefu.

"Kwa kuwa gari umekuja nalo," Mapokezi alisema, "nipeleke kwa seremala. Nataka meza."

Walikwenda wote watatu, wamebanana mbele. Mapaa yalipita, ya matangi meusi na ya bluu, na Mapokezi aliyatazama yote kama shamba lake. Walipokaribia kwa seremala, kaka akakohoa kidogo.

"Hivi," alisema, macho yake barabarani, "lile la saruji, nukta com. Lina mwenyewe?"

"Linaye," alisema Mapokezi. "Nimekuandikia mara tatu. Hukuitika."