Vivuli vya Pafu la Kushoto

Mpiga picha za eksirei alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda picha zipendeze. Mashine ikimtolea kifua chenye mapafu ya kijivujivu, hakutulia mpaka akoleze giza na mbavu zing'ae. Kisha, kwa kuwa kompyuta yake ilikuwa imejaa pomoni, aliihifadhi ile iliyopendeza katika faili dogo na kuifuta ya asili. Madaktari walimsifu, kichwa kikamvimba.

Leo kichwa hicho hicho kilikuwa kinatiririka jasho. Daktari wa kifua alikuwa ameweka picha mbili kwenye skrini, zote za shangazi wa mpiga picha, yule aliyemlea tangu hana jino hata moja. Ya leo ilikuwa na doa dogo jeupe juu ya pafu la kushoto. Ya mwaka jana ilikuwa nyeusi tititi mahali hapo.

"Kama doa lilikuwepo mwaka jana, hilo ni kovu la zamani, tunamwacha," daktari alisema. "Kama halikuwepo, basi linakua, na Alhamisi tunampasua. Na moyo wake ule, sitaki kumpasua bure. Hebu ing'arishe hii ya zamani tuone."

Mpiga picha akaongeza mwanga. Pafu halikufunguka. Lilikatikakatika kuwa mabaka ya kijivu yenye kingo kali, na pale penye doa pakawa bapa kama ukuta uliopakwa chokaa.

"Mbona imekuwa hivi?"

Alijua fika. Mashine ilipima kijivu kwa ngazi elfu nne na ushei. Faili dogo lilibeba mia mbili hamsini na sita tu. Alipokoleza giza, ngazi za chini zilibanwa, ishirini hapa, thelathini pale, zikawa weusi mmoja. Zikishachanganyika hivyo, hakuna wa kuzitenganisha tena. Mashine mbovu, angeweza kusema, na nani angembishia?

"Ni mimi, daktari. Niliikoleza, nikafuta ya asili."

Daktari hakumkaripia, na hilo likamtisha zaidi. "Basi kamwambie mwenyewe."

Shangazi alikuwa kwenye benchi la nje, mkoba mapajani. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mambo ya mafaili mimi siyajui, mwanangu. Lakini siku ile, kabla hujaitia hilo giza lako, uliiona kwa macho yako mwenyewe. Doa lilikuwepo?"

Mpiga picha akafumba macho. Mbavu alizikumbuka moja moja. Alikumbuka hata weusi ulivyokolea, na yeye alivyotabasamu. Pafu hakulikumbuka.

"Sijui, shangazi. Sikuliangalia."

Shangazi alifunga zipu ya mkoba, akaifungua, akaifunga tena.

"Haya," akasema. "Alhamisi saa ngapi?"