Kisanduku cha Jina la Babu

Mafuriko yalipopungua, mwaka wa tisini na nane, nilikuwa sijui mwanangu Jibril yuko wapi. Maji yalimkuta malishoni na ng'ombe, upande wa Bura. Watu wa msaada wakafungua ofisi yenye kompyuta hapa Garsen, nyingine Hola, nyingine Bura, na fomu zao zikawa za namna moja: jina, la baba, la babu, na mahali unapopatikana. Fomu ya anayetafuta na ya anayetafutwa zikilingana, mashine huonyesha.

Nilijaza mara mbili. Kimya.

Mara ya tatu Loise, binti wa Kipokomo aliyekaa kwenye mashine, akanitazama. "Mama Darmi, babu yake Jibril ni Dansa kweli?"

"Mimi ndivyo nimwitavyo."

"Na watu wengine?"

Nikainama. Deka, Msomali mwenye duka, akacheka nyuma yangu kwenye foleni. "Huyo hamtaji baba mkwe! Waorma nyinyi, mzee yuko kaburini na bado mnamwogopa?"

"Si woga, Deka. Ni adabu. Simtaji, wala simwandiki."

"Mwanamume wa ukoo wenu je, aje akuandikie?" Loise akauliza.

"Wote wamehama na mifugo."

Loise akavuta fomu za akina mama wenzangu, akasoma moja baada ya nyingine. "Mungu wangu. Nyote mmeandika majina ya heshima! Na vijana kule Bura wanaandika yale yenyewe. Zitalinganaje?"

"Basi ongeza kisanduku," nikamwambia. "Jina ambalo mama humwita babu."

"Nikiongeza peke yangu ni bure, mama. Lazima ofisi zote tatu ziwe nacho."

Akapiga simu Hola. Wakabishana, nikamsikia akisema, "Hapana bwana, fomu ndiyo haiwajui, si wao wasiojua fomu." Siku tisa wakazungusha maneno. Nami kila alfajiri nilimwomba Mola alainishe mioyo yao.

Siku ya kumi kisanduku kikaingia kote. Bura wakawaita vijana wao upya: mama yako humwitaje babu yako?

Ijumaa, baada ya swala, Loise alinikuta mlangoni pa ofisi. Akakunjua karatasi, akasoma.

"Jibril. Mama humwita babu Dansa. Anapatikana kupitia duka la Hersi, Chewele, upande wa Bura."

"Alhamdulillahi. Soma tena, mwanangu," nikasema. "Polepole."